Somo: Kumjua kereng'ende mdogo wa kinamasi, anza na gamba

Wengi wakitaka kumjua kereng'ende huanza kwa kukimbizana na mabawa, wakarudi wamechoka. Mimi nawashauri muanze na gamba analolivua akitoka majini kupata mabawa. Mdudu huyu anaishi majini miezi kadhaa, wengine hata miaka, halafu angani anapata wiki chache tu. Anayemngoja hewani amefika ngomani watu wanakunja mikeka.

Hatua ya 1. Vaa gambuti, ufike jua halijawa kali. Tafuta maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye matete au mafunjo yaliyosimama ndani ya maji.

Hatua ya 2. Inama ukague mashina, kama shubiri moja juu ya maji. Utaona kitu cha kahawia, kikavu, kimeng'ang'ania shina kwa miguu sita utadhani kiko hai. Hilo ndilo gamba la tunutu, yaani kereng'ende kabla hajapata mabawa. Mgongoni lina ufa, na ndani yake zinaning'inia nyuzi nyeupe nyembamba sana: ni bitana ya mirija yake ya kupumulia, imevutwa nje alipotoka.

Sasa ligeuze. Chini ya uso kuna mdomo wa chini uliokunjwa kama mkono, wenye vikulabu mbele. Tunutu hutulia tuli kwenye tope. Kiluwiluwi cha mbu kikipita karibu, mdomo unafyatuka, unakinasa na kurudi, kabla hujapepesa jicho. Matamvua yake yako ndani ya utumbo wa mwisho: anavuta maji kwa nyuma, anapumua, anayatoa. Akishtuliwa huyatoa kwa nguvu, naye akachomoka mbele kama mshale.

Hatua ya 3. Ukibahatika kumkuta anajivua gamba, usimguse hata kwa unyasi. Mabawa bado ni laini, na yakipinda saa hiyo hayanyooki tena. Niliwahi kumtazama mmoja aliyetoka nusu, kichwa chini, kimya kabisa. Nikadhani amekufa. Kumbe alikuwa anangoja miguu ikakamae. Ghafla akajikunja kuelekea juu, akashika kichwa cha gamba lake mwenyewe, akachomoa mkia. Mabawa yakaanza kukunjuka taratibu, meupe, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Hatua ya 4. Jua likipanda, keti. Chagua dume mmoja aliyetua juu ya unyasi, umfuate yeye tu. Ataruka, atanasa kijidudu kwa miguu aliyoikunja kama kikapu, kisha mara nyingi atarudi kwenye unyasi uleule. Dume mwingine akiingia, atamfukuza. Saa sita mchana utamwona ameinua mkia wima kuelekea jua; hapo anapunguza sehemu ya mwili inayopigwa na joto.

Jike akija, dume humshika nyuma ya kichwa kwa ncha ya mkia, na jike akapinda tumbo lake mbele mpaka wakafanya umbo kama la moyo. Baadaye jike hugusagusa maji kwa mkia akitaga, na kwa aina nyingi dume huzunguka juu yake akilinda. Ana sababu: dume wa pili anaweza kuiondoa mbegu ya wa kwanza na kuweka yake.

Hatua ya 5. Andika tarehe, saa na hali ya hewa, uondoke.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mkia ule una sumu?*
Hapana, ndugu yangu. Hana mwiba wala sumu. Wakubwa ukiwashika hubana kwa taya. Huyu mdogo hata ngozi hatoboi.

*Mbona wengine hugonga mkia kwenye boneti ya gari?*
Swali zuri sana. Kereng'ende hutambua maji kwa jinsi mwanga unavyoakisiwa juu yake, na bati lililopakwa rangi ya kung'aa huakisi vivyo hivyo. Jike anaamini ni dimbwi, anataga, na mayai yanakauka. Inaniuma kila nikiliona.

*Yule mwembamba anayekunja mabawa ni mtoto wake?*
Ni ndugu yake tu. Mwembamba macho yake yameachana. Kereng'ende huyu macho makubwa yamekutana au karibu kukutana, na akitua mabawa yako wazi. Mwenye mabawa hakui tena.

*Mdogo kabisa yukoje?*
Miongoni mwao ni Nannophya pygmaea wa vinamasi vya Asia. Mabawa yakinyooshwa ni kama milimita 20, na dume ni mwekundu.

*Naweza kuwafuga tunutu kwenye pipa wanimalizie viluwiluwi vya mbu?*
Watavila, dada, lakini chakula kikipungua watalana wenyewe. Ukijaribu, simamisha kijiti kutoka chini ya pipa kitokeze shubiri mbili juu ya maji. Bila hicho, siku ya kujivua gamba hana pa kupandia.