Namna ya kutembelea manyumba ya zamani ya Lubumbashi na muguu

Toka asubui mapema mbele jua ikuwe kali, vaa viatu ya kutembelea, na ile telefone icharge muzuri. Anzia ku katedrali ya Petro na Paulo, ile ya matofali mekundu, usikimbilie kuingia, izunguke inje kwanza uangalie vile bafundi ba myaka ya 1920 balipanga matofali, mie naona hakuna jengo ingine mu tawuni inaipita. Kama kuko misa, ngojea, foto itabakia.

Kisha pitia sinagogi, nayo ni ya zamani ya bakoloni, halafu teatre, batu banaitaka Bâtiment du 30 Juin, ilichorwa na architecte Claude Strebelle mu myaka ya 1950, hii simama mbali kidogo njo utaiona muzuri, karibu sana haisemi kitu.

Sasa foto: manyumba ya leta (ya serikali) usipige bila kuomba, ata kama uko mwana wa hapa, juu mupolisi moja tu anaweza kukuharibia siku nzima. Salimia sentineli (mulinzi) kwanza, muite papa, mueleze, mara mingi atakubali.

Ya mwisho acha shimine ya Gécamines, kampuni ya leta ya migodi, na ile teri yake, kale kalima ka mabaki ya kuyeyusha shaba, pale Union Minière, kampuni ya bakoloni, ilianza kuyeyusha shaba mu 1911. Enda mangaribi, uitazame toka ku barabara. Kupanda juu ya teri hapana.