Koga kwenye miche ya kaktasi: tazama kwanza, dawa baadaye

Masika iliyopita nilimwaga jaani kopo zima la miche ya kaktasi. Ilikuwa na siku chache tu tangu kuchipua, midogo kama punje za mtama, na kila mmoja umeota manyoya meupe chini. Nikasema hiyo koga, basi tena.

Kumbe ilikuwa mizizi. Mche wa kaktasi ukitoka tu, pale unapogusa mchanga huota vinyweleo vyeupe vya kunyonyea maji, vimeuzunguka duara kama ndevu za mzee. Koga haina adabu hiyo. Hutambaa huku na huku, hukamata ganda la mbegu, hupanda hata mchanga mtupu. Nyunyiza maji kidogo: vinyweleo hulala visionekane, koga hunywea lakini utando wake hubaki ukionekana. Na ule weupe mgumu unaokwaruzika kwa sindano ni chokaa ya maji yetu, uwache.

Ikiwa ni koga kweli, fungua mfuniko leo hii. Najua tunaambiwa miche hii ifunikwe miezi isikauke. Lakini mimi nakaa Michenzani, Zanzibar, na masika hata viatu vya ngozi kabatini vinafanya koga; mfuniko wa nini? Naufungua robo, kesho nusu, keshokutwa nauondoa, na kopo linakaa chumba chenye pangaboi, pembeni, si chini yake. Upepo ukikauka zaidi wakati wa kipupwe, naurudisha usiku.

Halafu chokoa kwa kijiti cha meno, utando pamoja na maganda ya mbegu, maana aghalabu ndiko inakoanzia. Mche uliolainika shingoni ukawa kama kioo cha rangi ya chai, huo umekwenda. Ung'oe na mchanga wake, usiuhurumie, utaambukiza wenziwe.

Dawa ninayotumia ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya vidonda inayouzwa duka la dawa: kijiko 1 kwa vijiko 10 vya maji, nyunyiza mara moja, ngoja siku mbili utazame. Unga wa mdalasini nao husaidia, ila uguse mchanga tu, kama unavyotia chumvi. Jirani yangu alimimina kijiko kizima. Nyumba ikanukia pilau, miche ikakauka.

Ukipanda tena, mbegu za tunda zioshe mpaka utelezi uishe, uzianike kivulini. Samadi usitie hata chembe. Changarawe na mchanga wa chenga, vimwagie maji yanayochemka mara mbili, viache vipoe. Mchanga wa pwani una chumvi, usiuguse. Maji yapande kwa chini: kopo lenye matundu ndani ya sahani, dakika 10, asubuhi, kisha liondoe mpaka uso wa mchanga ubadilike rangi.

Kopo langu la sasa lina miche 32. Tisa ina ndevu. Siigusi.