Kuotesha na kuelezea kijiumbe kipya kinachotengeneza methani kutoka tope la chumvi

Vibali kwanza: Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda (UNCST), na ukiingia hifadhini, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). Usipokuwa navyo, baadaye sampuli haitaruhusiwa kuvuka mpaka wa nchi, na utahitaji ivuke.

1. Pembezoni mwa Ziwa Katwe, chimba mpaka ulifikie tope jeusi lenye harufu ya mayai viza. Jaza chupa hadi mdomoni, funga. Pima chumvi ya maji palepale. Mchuzi wako wa kuoteshea uwe na kiwango hicho hicho.

2. Hapa ndipo wengi hukwama. Vijiumbe hivi ni arkea (viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini si bakteria), na oksijeni huvizima. Chemsha mchuzi, upoze chini ya naitrojeni na kaboni dioksidi (80:20), ongeza sisteini na sulfidi ya sodiamu ziondoe oksijeni iliyobaki. Tia resazurini kidogo, rangi ya kuonyesha oksijeni: ikibaki na rangi ya waridi, oksijeni ingali ndani, ikikosa rangi, endelea. Mimi nilipoteza miezi miwili kwa vizibo vya mpira vikuukuu. Ijumaa chupa zilikuwa safi, Jumatatu zote waridi. Nunua vizibo vipya, hata kama bajeti inalia.

3. Chakula: trimethilamini (inanuka kama mukene waliooza guniani, vaa glavu) au methanoli. Kwa nini si hidrojeni? Penye salfeti nyingi, bakteria wanaoitumia hunyakua hidrojeni na asetati kwanza. Trimethilamini hawaigombanii.

4. Tia vankomaisini, dawa ya kuua bakteria: arkea hawana ukuta inaoushambulia. Zimua mara kumi kumi, kisha bingirisha mirija yenye aga juu ya barafu. Chomoa koloni moja, rudia mpaka iwe safi. Pima methani kwa kromatografia ya gesi.

5. Chini ya hadubini, mwanga wa nanomita 420 huzifanya seli nyingi za kundi hili zing'ae bluu-kijani.

6. Maelezo: umbo, vyakula, na mipaka ya chumvi, joto na pH. Jeni ya 16S (hutumika kulinganisha vijiumbe) ikifanana na ya jamaa wa karibu chini ya asilimia 98.7, dalili ni nzuri kuwa ni spishi mpya, ila soma jenomu nzima: ANI, yaani wastani wa kufanana kwa jenomu mbili, iwe chini ya asilimia 95. Weka mbegu hai kwenye hazina mbili za nchi tofauti, mfano DSMZ ya Ujerumani na JCM ya Japani. Bila hivyo jina halitambuliwi.

7. Jina la spishi lifuate jinsia ya kisarufi ya jina la jenasi. Kwenye Methanohalophilus andika katwensis. Kwenye Methanobacterium, katwense.