Namna ya Kuchagua Hoteli ya Usanifu kwenye Visiwa vya Ugiriki na Kukaa Humo kwa Raha

Hoteli ya usanifu ni ile ambayo mchoro wa msanifu majengo ndiyo bidhaa inayouzwa kabla ya kitanda na kifungua kinywa. Mgeni huichagua kwa macho, kupitia picha, lakini anayekwenda kulala humo ni mwili mzima, na picha haionyeshi ngazi za kuteremka ukiwa na begi, wala upepo, wala kwamba baraza lako ni paa la chumba cha mwenzako aliye chini. Mwongozo huu unahusu hasa visiwa vya Cyclades, yaani Santorini, Mykonos, Paros, Milos, Folegandros na vinginevyo, kwa sababu huko ndiko hoteli za namna hii zilikojaa, na ndiko mgeni asiyeuliza maswali mapema hulipa fedha nyingi kwa usumbufu ambao angeweza kuuepuka.

Anza kwa kujua jengo unalolipia ni la ukoo gani. Ukoo wa kwanza ni nyumba za kuchimbwa za Santorini, ambazo wenyeji huziita yposkafa. Mlipuko mkubwa wa volkeno uliotokea takriban mwaka 1600 KK uliacha tabaka nene la majivu yaliyoshikamana, laini kiasi cha kuchimbika kwa zana za mkono na imara kiasi cha kusimama bila nguzo, na watu wakajichimbia makazi kwenye ukingo wa genge. Katika miaka ya 1970 Shirika la Utalii la Ugiriki, EOT, lilianza kuzikarabati baadhi ya nyumba hizo katika kijiji cha Oia ili zipokee wageni, na hoteli nyingi za mapango za leo zimefuata njia hiyo. Ukoo wa pili ni majengo ya kisasa yaliyojengwa juu ya ardhi kwa mawe, saruji na chokaa. Aris Konstantinidis, aliyeongoza kazi ya usanifu ya EOT kati ya 1957 na 1967, alibuni hoteli kadhaa za serikali zilizojulikana kwa jina la Xenia, ikiwemo ile ya Mykonos ya mwaka 1960, yenye kuta za mawe ya mahali na umbo la chini lisiloshindana na mandhari. Ukiona leo hoteli ya mawe makavu, paa bapa na vivuli virefu, unaona mjukuu wa fikra hizo.

Tofauti ya koo hizi mbili si ya sura tu. Nyumba ya kuchimbwa kwa kawaida ina uso mmoja tu unaotazama nje: mlango katikati, dirisha kila upande, na kidirisha kidogo juu ya mlango. Hewa ya ubaridi huingia kwa chini na ile yenye joto hutokea juu, na kwa hiyo chumba hubaki na ubaridi hata adhuhuri ya Agosti. Lakini kadiri unavyoingia ndani ndivyo mwanga unavyopungua na unyevu unavyoongezeka, na kitanda mara nyingi huwekwa mwisho kabisa, pale ambapo pango ni jeusi saa zote. Mtu anayelala vizuri gizani atapapenda sana. Anayependa kuamshwa na jua, au anayesumbuliwa na pumu, afadhali achague jengo la juu ya ardhi. Kabla ya kulipa, omba hoteli ikutumie ramani ya chumba chenyewe, si ya chumba cha mfano, kisha uliza kama kuna tundu la hewa upande wa nyuma na kama bafu lina dirisha. Hoteli inayojivunia usanifu wake haitasita kuituma.

Baada ya hapo angalia chumba kinaelekea wapi, jambo ambalo watu wengi hulikosea. Fira na Imerovigli, makazi mawili ya ukingoni huko Santorini, zinatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi baraza huwa kivulini na alasiri jua hukupiga usoni hadi linapozama. Oia, ambayo ndiyo maarufu kwa machweo, iko ncha ya kaskazini ya kisiwa, na mabaraza yake mengi ya upande wa genge yanatazama kusini. Katikati ya majira ya joto jua huzama kaskazini-magharibi, hivyo mgeni aliyelipa bei ya machweo anaweza kuketi barazani kwake akaona rangi ya anga tu, huku jua lenyewe likizama nyuma ya nyumba za kijiji. Uliza swali moja lililo wazi: mwezi nitakaokuja, je, jua linaonekana likizama kutoka kwenye baraza la chumba hiki hiki?

Swali la pili ni la upepo. Julai na Agosti huvuma upepo mkavu wa kaskazini uitwao meltemi, wakati mwingine kwa siku kadhaa mfululizo, na nguvu yake waweza kuisoma shambani: wakulima wa Santorini husuka mizabibu yao karibu na ardhi mfano wa kikapu ili zabibu zikingwe ndani. Hoteli iliyo upande wa joshini, unakotokea upepo, inaweza kuwa na bwawa zuri kuliko yote kisiwani lakini lisilokalika, kwa kuwa miavuli hufungwa na taulo hupeperuka. Iliyo upande wa demani, uliokingwa na upepo, au iliyojengewa ua wenye kuta ndefu, itakupa siku tulivu. Kwa maoni yangu, ua wenye kivuli na ukuta upande wa kaskazini una thamani kubwa kuliko bwawa linaloning'inia ukingoni, ingawa ni bwawa linalopigwa picha.

Usisahau ngazi. Kutoka Fira hadi bandari ya zamani kuna vidato 588, na ingawa hakuna hoteli itakayokudai hivyo kila siku, hoteli za ukingoni hufikiwa kwa njia nyembamba zisizopitika kwa gari, na dereva atakuacha juu. Taja saa ya kufika ili mpagazi akungoje, na chukua begi laini la kubeba begani badala ya sanduku la magurudumu, ambalo juu ya vidato vya mawe hugeuka adhabu. Mzee, mja mzito au mwenye maumivu ya goti aulize idadi ya vidato kati ya barabara na mlango wake, kisha kati ya mlango wake na chumba cha kifungua kinywa, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu fedha na karatasi, maneno hayahitaji kuwa mengi. Mgeni anayehitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, awasilishe ombi mapema, kwa kuwa hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifidie angalau yuro 30,000. Kwa kuwa utatakiwa kuonyesha mahali utakapolala, weka nafasi inayoruhusu kughairi bila hasara mpaka viza itoke, hata kama bei isiyorejeshwa ni ya chini zaidi. Aidha, kuna tozo ya serikali ya kukabiliana na athari za tabianchi, ambayo mara nyingi haimo katika bei uliyoiona na hulipwa hotelini. Tangu 2025, kuanzia Aprili hadi Oktoba, hoteli ya nyota tano hutoza yuro 15 kwa chumba kwa usiku mmoja, na ya nyota nne yuro 10. Usiku nne katika hoteli ya nyota tano ni yuro 60 za ziada.

Majira ninayoyapendekeza ni mwisho wa Mei, Juni mapema, au Septemba, wakati ambapo bahari imeanza kupata joto au bado inalo na bei hazijafika kileleni. Novemba hadi Machi hoteli nyingi hufungwa, na karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, meli hujaa mno. Ukija Aprili, uliza kama bwawa hupashwa moto, maana maji ya bwawa lililo ndani ya pango huwa baridi ya kukata.

Meli za kasi kutoka Piraeus, bandari kuu ya Athens, hufika Santorini kwa takriban saa tano, na za kawaida kwa takriban saa nane. Anayekwenda Mykonos moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Athens aangalie pia bandari ya Rafina, ambayo iko karibu zaidi na uwanja huo. Upepo ukifikia nguvu 8 kwa kipimo cha Beaufort, meli nyingi huzuiwa kuondoka, na za kasi huweza kuzuiwa mapema zaidi.

Ukishafika, tumia robo saa ya kwanza kukijua chumba kabla ya kufungua begi. Wasanifu hupenda kuficha vitu: swichi za taa zimo ndani ya ukuta, kabati halina mshikio, na bafu huenda limetengwa na kitanda kwa kioo tu, au lisiwe na mlango kabisa; wanaosafiri na rafiki au mzazi na wathibitishe hili kabla ya kuweka nafasi, ili kuepuka aibu. Kitanda chenyewe mara nyingi ni jukwaa la saruji lililojengwa pamoja na ukuta, likapakwa chokaa, godoro likawekwa juu, na ukingo wake hujitokeza kidogo kupita godoro. Usiku, ukiamka kwenda kunywa maji, muundi wako utaujua ukingo huo kabla ya macho yako. Acha taa ndogo ikiwaka. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa ni nzuri sana kuitazama, na ikilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo vaa ndara utokapo bwawani.

Karatasi ya msalani itupe kwenye kikapu kilichowekwa kando ya choo, si ndani ya choo, kwa kuwa mabomba ya visiwani ni membamba na huziba. Katika hili hoteli ya kifahari haina tofauti na nyumba ya kawaida. Maji nayo ni haba. Zamani kila nyumba ilivuna mvua kwa tangi lililochimbwa chini ya sakafu, na leo Santorini hutegemea sana maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, ambayo yanafaa kuogea lakini watu wengi hawayanywi. Umeme ni volti 230 kwa plagi yenye pini mbili za duara.

Panga siku yako kinyume na ya umati. Wageni wa meli za kitalii hujaza vijia kuanzia asubuhi hadi alasiri, kwa hiyo toka alfajiri, wakati chokaa bado ina rangi ya samawati na paka ndio wenye njia, kisha rudi hotelini saa nne na ukae humo adhuhuri yote, kwa kuwa chumba ndicho ulichokilipia. Kama baraza lako limepakana na njia ya umma, vuta pazia. Wapita njia watapiga picha, nawe utakuwa ndani yake ukiwa na taulo.

Siku ya kuondoka, hoteli nyingi hutaka chumba kiwe wazi saa tano au saa sita mchana, lakini hukuhifadhia mizigo na baadhi hukuruhusu kuoga kabla ya meli ya jioni ukiomba tangu jana yake. Usiipange meli hiyo siku ile ile ya ndege yako ya kurudi nyumbani. Lala usiku mmoja Athens, ili meltemi ikizuia meli, kitakachopotea kiwe chumba cha usiku mmoja na si tiketi ya ndege.