Namna ya kurekodi kumbukumbu za mzee aliyekulia China wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni

Anza na umri, maana hapo ndipo hesabu huharibika mapema. Mzee akisema alikuwa na miaka kumi Walinzi Wekundu (vijana wanafunzi waliomfuata Mao, kiongozi wa China) walipoingia kwao mwaka 1966, huenda anahesabu kwa desturi ya zamani: mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja, kisha huongezewa mwingine kila Mwaka Mpya wa Kichina. Aliyezaliwa Desemba 1957 alihesabiwa kumi Agosti 1966, ilhali kwa hesabu yetu alikuwa na minane tu. Muulize mnyama wa mwaka wake. Akijibu jogoo, ni 1957. Jogoo wa kabla ni 1945 na wa baadaye ni 1969, kwa hiyo huwezi kukosea. Waliozaliwa Januari au Februari wakague upya, kwani mwaka wa mnyama huanza ndani ya miezi hiyo.

Baada ya hapo, tabaka, yaani lebo ambayo dola iliipa kila familia. Usiulize "familia yenu iliteswa?" Swali hilo humfunga mtu mdomo. Uliza: "Kwenye fomu ya shule, asili ya familia mliandika nini?" Jibu kwa kawaida lilimfuata baba, na neno hilo moja hufungua mengi. Watoto wa "makundi matano meusi" (makabaila, wakulima matajiri, wapinga mapinduzi, "watu wabaya" na watu wa mrengo wa kulia) walibeba doa la wazazi shuleni na kazini. Makabaila na wakulima matajiri walianza kuondolewa lebo hiyo mwaka 1979. Uliza habari ilivyofika nyumbani.

Akikwama, hamia kwenye vitu. Kuponi za nafaka zilitumika tangu 1955 hadi 1993, na ya mkoa mmoja haikununua chakula mkoa mwingine. Safarini ilihitajika ya taifa. Asiyetaka kumtaja baba yake anaweza kukueleza kwa kina jinsi mama alivyopima jin moja ya mchele, yaani gramu 500, na baba akatokea humohumo. Kwenye albamu, uliza picha ipi haipo. Familia nyingi zilichoma picha na vitabu vya nasaba kwa hofu ya upekuzi.

Ndugu wahoji mmojammoja. Tangu Desemba 1968 vijana wa mjini walipelekwa vijijini kwa mamilioni, hivyo dada na kaka wanaweza kuwa na utoto usiofanana kabisa. Mwanawe asiwe mkalimani: atalainisha maneno, au mzee atamficha.

Kaa saa moja na nusu, isizidi. Zima mtandao wa simu unayorekodia, iweke juu ya kitambaa, karibu naye. Akinyamaza, nawe nyamaza.

Majina ayaandike mwenyewe kwa herufi za Kichina, kwa sababu matamshi mamoja yana herufi nyingi. Uliza na jina la awali, kwani wapo waliojibadili kuwa Weidong, "linda Mashariki". Majina ya waliowashtaki jirani zao yaweke kwenye daftari tofauti, usiyachapishe. Huenda watoto wao bado wanaishi mtaa uleule.