Kutoka shahada ya sayansi hadi darasa la Biolojia: mwongozo kwa mhitimu wa Nairobi

Mhitimu mwenye shahada ya kwanza ya sayansi anayetaka kufundisha Biolojia katika shule ya upili halazimiki kurudi chuoni kwa miaka minne. Njia iliyo wazi kwake ni stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja wa masomo, kisha usajili katika Tume ya Huduma kwa Walimu, ambayo sote huiita TSC. Sheria ya tume hiyo ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa, hata katika shule ya binafsi. Nimepita njia hiyo mwenyewe, na nitakaa zaidi kwenye mazoezi ya kufundisha, kwa sababu wengi huyachukulia kama mlango wa kupitia tu, ilhali ndiko mwalimu anakoumbwa.

Kabla hujalipa hata ada ya fomu, toa kabatini cheti chako cha kidato cha nne. Tume hudai wastani wa C+ katika KCSE, na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili utakayofundisha. Hapa ndipo watu huumia. Mwenzetu mmoja darasani alikuwa na shahada nzuri sana, lakini Kemia ya kidato cha nne alipata C, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba chuo kikuu kinaweza kumpokea mtu ambaye tume haitamsajili. Alilipa karo yote kabla ya kujua. Kwa hiyo chagua somo la pili mapema, liwe Kemia, Hisabati au Kilimo, kisha hakikisha kwamba matokeo yako ya chuo yanaonyesha kozi za kutosha katika masomo yote mawili. Aliyesomea botania na zuolojia hana shida upande wa Biolojia. Aliyesomea biokemia au mikrobiolojia aiandikie tume kuomba ufafanuzi, na asianze masomo kabla ya kupata jibu la maandishi.

Kuhusu chuo, Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa na Chuo Kikuu cha Nairobi vyote vinajulikana kwa stashahada hii. Ikiwa una kazi ya mchana, uliza ratiba ya vipindi kabla ya kuuliza karo.

Darasani utasoma saikolojia ya elimu, falsafa, mitaala, upimaji na mbinu za kufundisha masomo yako mawili. Utafundisha pia wenzako kwa dakika chache huku mhadhiri akitazama. Usione haya wala usifanye mzaha: ni nafasi ya nadra ya kuambiwa, kabla hujasimama mbele ya watoto, kwamba unazungumza ukiutazama ubao.

Kisha huja mazoezi ya kufundisha, ambayo huchukua muhula mzima katika shule halisi. Utahitaji faili lenye azimio la kazi la muhula, andalio la somo kwa kila kipindi, na rekodi ya kazi inayojazwa siku hiyo hiyo. Mtathmini kutoka chuoni anaweza kuingia bila taarifa, na jambo la kwanza ataomba ni faili hilo.

Katika Biolojia, hata hivyo, faili halitoshi. Nilipangiwa kuwaonyesha kidato cha kwanza kwamba jani huhifadhi wanga. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi ambayo jua halionekani hadi adhuhuri. Nilichuma majani saa moja asubuhi nyuma ya maabara, tukayachemsha, kisha nikazima moto kabisa na kuyaweka katika neli yenye spiriti iliyosimamishwa ndani ya bika la maji moto, maana spiriti haipashwi moto moja kwa moja. Jani likawa jeupe na kukakamaa, tukalisuuza kwa maji ya uvuguvugu, nikadondosha iodini, ambayo hugeuka buluu iliyokoza ikikuta wanga. Rangi ilibaki ile ile ya kahawia. Darasa zima lilinyamaza likinitazama.

Mwalimu mlezi wangu alinieleza baadaye, kwa upole, kwamba usiku mmea huvunja wanga wa majani kuwa sukari na kuisafirisha, hivyo jani la alfajiri halina akiba ya kuonyesha, sembuse siku ya mawingu. Alinishauri nichume majani saa tisa alasiri siku yenye jua, niyatumbukize mara moja katika maji yanayochemka, kisha niyahifadhi kwenye spiriti hadi kesho yake. Kipindi kilichofuata jani liligeuka rangi ya buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi, na niliwaeleza wanafunzi kwa nini la kwanza lilikataa. Tangu hapo sijawahi kuingia na jaribio ambalo sikulifanya mwenyewe siku iliyotangulia. Karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya vitendo, ina alama 40 kati ya 200, na mtoto ambaye hajawahi kushika neli hawezi kuzipata kwa kukariri.

Kumbuka pia kwamba Biolojia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ninapofundisha usambaaji wa molekuli, huanza na harufu ya mandazi inayotoka jikoni na kuwafikia walioketi nyuma, kisha ndipo huandika ubaoni neno la Kiingereza ambalo mtihani utalidai. Kwa mtoto ambaye nyumbani huzungumza Kiswahili au Sheng, mpangilio huo humsaidia sana.

Wakati unasubiri matokeo, anza kukusanya stakabadhi za usajili: kitambulisho, PIN ya KRA, picha, vyeti na matokeo yote ya masomo, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari, na cheti cha tabia njema. Hicho cha mwisho huombwa kupitia eCitizen, kisha unapeleka alama za vidole katika Huduma Centre au makao makuu ya idara ya upelelezi wa jinai (DCI), Barabara ya Kiambu. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa katika kila karatasi, kwani herufi moja iliyokosewa inaweza kukurudisha nyuma. Maombi yenyewe hutumwa kwa mtandao wa tume.

Nambari ya TSC ni ruhusa ya kufundisha, si ajira. Nafasi hutangazwa na tume yenyewe au na bodi za shule, na ukiitwa kwenye usaili utaulizwa kuhusu mifumo miwili: 8-4-4, ambayo KCSE yake ya mwisho ni ya 2027, na sekondari pevu (senior school) ya mtaala mpya wa umilisi, ambako Biolojia imo katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Soma muhtasari wa KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala, wa mifumo yote miwili. Nenda pia na faili lako la mazoezi, pamoja na kurasa za vipindi vilivyoharibika. Katika usaili wangu wa kwanza mwalimu mkuu alilipekua polepole, akasimama kwenye andalio la jani, na swali lake la kwanza likawa kwa nini mara ya pili nilichuma majani saa tisa alasiri.