Kumchora Babu wa Jangwa bila kumgeuza nyungunyungu

Juzi binamu yangu alinitumia mchoro wake na ujumbe mfupi: "Kaka, huyu ni yule mnyoo wa Dune. Mbona anafanana na funza?" Nikautazama. Meno yamepangwa vizuri, rangi imetulia, mchanga upo, jua lipo. Na kweli, funza mtupu. Tulikaa kwenye simu karibu saa mbili, na kadiri nilivyomweleza ndivyo nilivyogundua kwamba namsimulia makosa yangu mwenyewe ya miaka ya nyuma. Nimeona niyaandike, nisije nikayarudia tena kwa simu.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kinapotuponza. Ukisema "mnyoo", akili inakimbilia tumboni, kwenye dawa za minyoo. Mkono nao unafuata: unachora kitu laini, chenye utelezi, cha kuhurumia. Katika Dune, riwaya ya Frank Herbert iliyotoka 1965, Wafremen wanaoishi jangwani humwita mnyoo huyo mkubwa Shai-Hulud, na miongoni mwa majina yake ya heshima lipo la "Babu wa Jangwa". Mimi humwita Babu. Jaribu uone mstari wako unavyobadilika unapomchora babu badala ya mnyoo.

Hatua ya 1: Mjue unayemchora

Soma riwaya, au walau sehemu anazotokea. Msomaji wa Kiswahili ana faida humo: akikutana na "Lisan al-Gaib", jina la nabii wanayemngoja Wafremen, hahitaji kamusi, lisani na ghaibu anazo tayari.

Haya ndiyo ninayoyashika ninapochora. Mdomo wa yule anayewakimbiza Paul, shujaa wa riwaya, na mama yake una kipenyo cha mita 80 hivi. Katika jangwa la ndani kabisa wameonekana wenye urefu unaozidi mita 400. Meno ni ya fuwele, yamepinda, na Wafremen huyatengenezea visu. Huvutwa na mtetemo wa mchanga, hasa mtetemo wenye mapigo yanayojirudia. Na maji kwake ni sumu.

Hilo la mwisho lirudie mara mbili. Nusu ya michoro ninayoiona ina ute na mate yanayochuruzika mdomoni. Mate! Mnyama anayeuawa na maji! Futa. Ngozi yake nayo isimeremete kama ya samaki. Ni kavu, ngumu, imesuguliwa na mchanga maisha yake yote.

La mtetemo nalo lina matokeo kwenye karatasi. Wafremen hutembea kwa hatua zisizo na mpangilio ili wasimwite. Ukichora nyayo za mtu mchangani, zivuruge: moja fupi, mbili ndefu, moja imeburuzwa. Anayeijua riwaya ataliona hilo kabla hajamwona Babu.

Kuhusu mdomo, chagua mapema. Filamu ya 1984 ilimpa mdomo unaofunguka kwa vipande vitatu kama ua. Ile ya 2021 ikampa mdomo wa mviringo wenye meno membamba mengi, yanayokumbusha yale machujio ya mdomoni mwa nyangumi. Riwaya ina duara la fuwele. Chagua mmoja tu. Ukiyachanganya yote matatu unapata kifaa cha jikoni.

Hatua ya 2: Vifaa

Penseli ya HB, ya 2B na ya 6B, kifutio, karatasi ya A4. Basi. Anayetaka kuchora kwenye tableti achore, mimi hutumia Krita, ni ya bure na inatosha kabisa, lakini michoro midogo ya kutafuta mpangilio naifanya kwa penseli kwenye karatasi chakavu, kila mmoja mkubwa kama kibiriti. Ukianza moja kwa moja kwenye kioo utavuta picha karibu, uchore jino moja kwa dakika arobaini, kisha ukirudi nyuma ukute mwili mzima umekaa vibaya.

Na tafadhali, usisugue kwa kidole ili kulainisha. Mafuta ya ngozi yanaacha madoa ambayo kifutio hakiyatoi. Tumia kipande cha tishu.

Hatua ya 3: Chora mtu kwanza

Ndiyo, mtu, kabla ya Babu. Hesabu yake ni ndogo. Mtu ana mita 1.7 hivi. Mdomo una mita 80. Gawanya, unapata 47. Yaani ukimsimamisha mtu mbele ya ule mdomo, ungehitaji watu 47 wakisimamiana vichwani kufika juu.

Sasa lete hesabu hiyo kwenye A4 iliyolazwa, yenye kimo cha milimita 210. Ukimchora mtu wa sentimita moja, mdomo utahitaji sentimita 47. Haukai. Ukimchora wa milimita 5, mdomo ni milimita 235, bado unatoka nje ya karatasi. Mtu wa milimita 2, mdomo ni milimita 94. Hapo panakaa, na hewa inabaki juu.

Milimita mbili! Huyo si mtu tena, ni kidokezo cha penseli chenye miguu. Mtu wa binamu yangu alikuwa na sentimita tatu, ana uso, ana nywele, ana na vifungo vya shati. Kwa mtu huyo, Babu alikuwa na ukubwa wa basi dogo.

Hatua ya 4: Mstari wa upeo wa macho

Hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili nzima. Nilikuwa na mtu mdogo, nina vumbi, nina kila kitu, na bado Babu alikuwa mdogo. Nikamwongeza urefu. Nikamwongeza meno. Nikamfuta, nikamrudia, karatasi ikaanza kutoboka. Kosa halikuwa kwake kabisa. Lilikuwa kwenye mstari mmoja niliouchora mwanzoni kabisa bila kufikiri, pale mchanga unapokutana na mbingu. Nilikuwa nimeupitisha katikati ya karatasi, kwa hiyo ukamkata Babu katikati ya mwili.

Ukisimama kwenye uwanda, upeo wa macho huwa usawa wa macho yako. Na mstari huo hukata kila kitu kilichosimama kwenye uwanda huo kwenye kimo kile kile, kiwe karibu au mbali. Kama macho yako yako mita 1.6 kutoka chini, mstari utakata mti kwenye mita 1.6, na nyumba vilevile, na Babu vilevile. Sasa fikiri: kitu cha mita 80 kikikatwa kwenye mita 1.6, kimekatwa wapi? Kwenye unyayo. Kwenye mchoro wetu wa A4 ni milimita mbili tu kutoka pale anapotokea mchangani. Karibu mwili wote unasimama juu ya mstari, mbinguni.

Mstari ukimkata katikati, jicho la mtazamaji linapokea mojawapo ya habari mbili. Ama yeye yuko mita 40 juu angani, ama Babu ana mita tatu. Na kwa kuwa hakuna kilichomwonyesha kwamba yuko juu, anachagua la pili. Hajui kwamba amechagua, anakwambia tu "anafanana na funza".

Kwa hiyo shusha mstari. Mimi huuweka kwenye sehemu ya sita au ya saba ya karatasi kutoka chini. Utaogopa kwamba mbingu imekuwa kubwa mno. Acha iwe kubwa, ndiyo nafasi ya Babu.

Kuna mambo machache ya kuangalia, na yote yamenigharimu.

Unaweza kumkuza mtu bila kumpunguza Babu, ukimsogeza karibu na mtazamaji. Mtu akiwa karibu mara tano kuliko Babu, anakuwa na milimita 10 badala ya 2. Lakini kichwa chake kinabaki pale pale kwenye mstari wa upeo. Miguu ndiyo inayoshuka. Wengi humshusha mtu mzima mzima, kichwa na miguu, na papo hapo wanamgeuza mtoto aliyesimama shimoni.

Sheria hiyo ni ya uwanda. Ukimpandisha mtu juu ya tuta la mchanga, kichwa kitapita juu ya mstari, na ni sawa, mradi tuta lenyewe lionekane.

Ukitaka kabisa mtazamaji awe juu, inaruhusiwa, matuta marefu ya mchanga hupita mita 100. Basi lionyeshe tuta analosimama: ukingo wake mkali chini ya karatasi, mteremko unaozama, labda ncha ya kiatu. Bila hivyo unarudi kwa funza.

Na kama unachora kwenye tableti, weka mstari wa upeo kwenye leya yake na uifunge. Mimi niliwahi kuusogeza kwa bahati mbaya nikiwa nimebakiza rangi tu.

Hatua ya 5: Mwili

Mwili ni kopo refu lenye pete. Akiinuka kama mnara, pete zote zilizo juu ya upeo wa macho hujipinda kama upinde wa mvua, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyopinda zaidi. Kosa la kawaida ni kuzipinda kuelekea chini, kama tabasamu. Hapo unamtazama kutoka juu, na kazi yote ya hatua ya nne imekwenda na maji. Kama amelala, chukua kopo halisi, lilaze usawa wa macho yako, lizungushe taratibu na uangalie mistari inavyobadilika. Sina maelezo yanayolishinda kopo.

Pete ziwe nyingi, nyembamba, zisizolingana. Pete kumi nono ni funza, hata umpe meno ya dhahabu.

Ukitaka kuweka Wafremen mgongoni, kumbuka wanavyompanda: hutumia kulabu kuinua ukingo wa mbele wa pete, na Babu hujiviringisha ili ile nyama iliyofunuliwa ikae juu, mbali na mchanga. Kwa hiyo mpandaji yuko kileleni, na chini ya kulabu yake pete imefunguka kidogo. Si farasi yule, usimwekee tandiko.

Hatua ya 6: Mchanga

Matuta hayafanani pande zote mbili. Upande upepo unakotokea una mteremko mpole, na upande wa pili ni mkali, lakini mchanga mkavu haukai kwenye mteremko unaozidi nyuzi 34 hivi, unaporomoka. Wachoraji wengi huchora matuta yenye ncha kama mahema. Amua upepo unatoka wapi, weka mshale mdogo pembeni ya karatasi, kisha matuta yote yautii.

Mchanga unaomwagika kutoka mgongoni mwa Babu ndio ninaoupenda kuliko yote. Kitu kikianguka kutoka mita 80 huchukua sekunde nne hivi kufika chini, hata bila kuhesabu hewa. Sekunde nne ni nyingi. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mchanga ulioanza kama pazia zito huko juu huwa umeshachanika katikati, na chembe nyepesi zimebaki nyuma zikielea. Kwa hiyo mistari ya juu iwe mizito na ya karibu karibu, ya katikati ikatike, na chini kusiwe na mstari wowote, ni ukungu tu. Ukichora maporomoko yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, umechora bomba la bafuni.

Hatua ya 7: Vumbi

Sehemu anapotokea mchangani isiwe na mstari. Futa kwa kifutio mpaka usijue mwili unaanzia wapi. Kitu cheusi kabisa kwenye picha kiwe yule mtu wa mbele, kisha matuta ya karibu, kisha Babu, ambaye ni mwepesi wa rangi kuliko unavyotaka. Mkono utakuwasha umkoleze. Zuia. Weusi wa 6B kwa Babu uende ndani ya mdomo tu, na hata huko si mwingi.

Hatua ya 8: Rangi

Hiari. Mbili zinatosha, ya mchanga na ya kijivu chenye ubuluu kwa vivuli, kwa kuwa kivuli cha mchana huangaziwa na mbingu. Anayechora usiku akumbuke Arrakis, sayari ya Dune, ina miezi miwili angani. Ule mkubwa una alama kama ngumi na mdogo una alama kama panya arukaye. Ukiiweka yote miwili mbinguni, kila kitu kina vivuli viwili. Mimi huweka mmoja.

Weka sahihi yako, andika kwamba ni mchoro wa shabiki, na usiifuatishe picha ya mtu mwingine kwa karatasi ya kuonyesha. Ukihitaji kiongozi, tazama kazi za John Schoenherr, aliyeichorea hadithi hii ilipokuwa ikitoka kwa mfululizo kwenye jarida la Analog kuanzia 1963. Alikuwa pia mchoraji wa wanyamapori, na inaonekana: Babu wake ni mnyama aliye kwao.

Jana usiku binamu kanitumia toleo la pili. Upeo umeshuka, mtu wake nimemtafuta dakika nzima kabla ya kumwona. Mate bado yapo. Nimemrudisha hatua ya kwanza.